Bei ya Usiku Wangu

Mchana nafundisha hesabu, darasa la sita, Kadutu.
Usiku nachonga vilalio vya maneti:
kipande cha libuyu chenye viganja viwili vilivyokunjwa
ili maneti ya mchezo ipumzike humo
kama kuku anayeatamia.
Nachonga pia kete za dama, vikombe vya dadu,
na visanduku vya karata, kifuniko chake kinateleza
bila msumari, bila gundi, bila maneno mengi.

Mbao sinunui sokoni.
Ni makombo ya Bisimwa, fundi milango wa Nyamugo,
anayepima kwa jicho moja: "Lete elfu tatu, beba."

Siku ya kwanza niliandika nyuma ya daftari la shule:
mbao, elfu tatu;
msasa, elfu moja na mia tano;
vanishi, robo kopo;
pikipiki kutoka Nyawera, kwa sababu ya mvua.
Nikajumlisha, nikagawa, nikaongeza kidogo:
dola tano kila kimoja.
Nikajipongeza. Jibu limetoka zima, halina baki.

Nabintu akasoma juu ya bega langu, mikono ina povu.
"Na usiku?"
Usiku gani?
"Huu. Na wa jana. Na ule uliokukata kidole.
Umeuandika wapi?"

Nikatafuta mstari kwa mstari. Haukuwepo.
Niligawa ugali wote
nikasahau sahani yangu.

Cikuru ana chumba cha michezo pale Essence:
televisheni nne, jenereta moja, vijana thelathini
na kelele za magoli yasiyoingia.
Nikampelekea vitano.
Akageuza kimoja, akakinusa, akakigonga mezani.
"Dola tano? Mwalimu, si mti tu huu?"
Nikasema nne.
"Tatu. Na kikombe cha dadu, matabishi."
Nikausikia mdomo wangu ukifunguka kukubali.
Nikaufunga kwa mkono, kama mlango wa Bisimwa,
nikabeba mfuko wangu, nikapanda mlima kwa miguu.

Usiku ule nikaandika upya.
Kumi na mbili.
Kalamu ilisita kwenye ile mbili:
dola kumi na mbili, kwetu, ni unga wa wiki.

Nikaviweka juu ya jiwe, Nguba, asubuhi na mapema,
ziwa nyuma yake likiwa bado na usingizi,
nikapiga picha, nikaituma kwa kila jina kwenye simu,
hata kwa mkaguzi wa shule.
Mkaguzi akajibu: "Mwalimu, hii ni nini?"
Katekista akauliza kama nachonga pia vya Biblia.
(Ndiyo. Na hapo nilikesha siku mbili,
sijui Neno la Mungu linalipishwaje usiku.)

Wiki tatu. Kimya.
Vilalio vinanitazama kutoka kabatini,
viganja wazi, kama vinaomba.

Ndipo akaja Murhula, amelowa hadi soksi.
Akauliza kwa nini kumi na mbili.
Sikusema kitu. Nikampa daftari.
Akasoma polepole, midomo ikitembea:
mbao, msasa, vanishi, pikipiki, usiku: tatu.
Hapo akasimama.
"Tatu tu?"
Akatoa dola kumi, moja ina kona iliyochanika,
akasema mbili zitakuja Jumamosi.

Jumamosi hazikuja.
Jumatatu alikuja Cikuru, anahema kwa mlima.
"Nasikia unauza kumi na mbili.
Vile vya dola tano vilikuwa vya aina gani?"
Vilevile, nikasema.
Akakigeuza tena, akakinusa tena.
Safari hii hakukigonga.
Akachukua vitatu.

Zile dola mbili bado nazingoja.
Nimeziandika chini ya usiku,
kwa penseli.